Mwinamo na Mfuato: Usanifu wa Usukani wa Pikipiki ya Kasi na Funzo Lake kwa Karakana za Longisa

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna viungo vya usukani wa pikipiki ya mashindano ya kasi vinavyosanifiwa, vinavyokerezwa na kuunganishwa. Maelezo hayo yanahusishwa na kazi ya mafundi wa pikipiki katika mji mdogo wa Longisa, nchini Kenya. Hoja kuu ni kwamba lugha ya karakana ina majina mengi ya vitu vinavyoshikika kwa mkono, lakini ina upungufu wa majina ya mahusiano yaliyopo baina ya vitu hivyo, yaani pembe na masafa. Upungufu huo una athari kwa usalama wa msafiri. Makala yanapendekeza istilahi chache zinazofuata kanuni za uundaji wa maneno ya Kiswahili.

Utangulizi

Waswahili husema, ukiona vyaelea jua vimeundwa. Methali hii ilizaliwa pwani, penye majahazi na mashua, lakini inafaa pia bara, mahali ambapo chombo cha usafiri kinachotawala siku hizi ni pikipiki. Longisa imo katika eneo bunge la Bomet Mashariki, kando ya barabara itokayo Bomet kuelekea Narok kupitia Mulot. Katika miinuko ya kaunti hiyo kuna mashamba na viwanda vya chai kama vile Kapkoros na Tirgaga. Tangu serikali ya Kenya ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, bodaboda zimeenea nchini kote, na Longisa haikuachwa nyuma. Pikipiki hubeba wanafunzi, wagonjwa, mitungi ya maziwa, magunia ya mahindi na hata mbao.

Penye pikipiki hapakosi fundi. Chini ya mti au ndani ya kibanda cha mabati, fundi wa jua kali hunyosha uma uliopinda, hubadilisha gololi zilizolika na kuchomelea fremu iliyopasuka. Kazi hiyo hugusa kiungo ambacho uhai wa abiria hutegemea, yaani usukani. Swali linalozuka ni hili: fundi huyo anapotaka kumweleza mwanafunzi wake kwa nini pikipiki iliyonyoshwa haitulii barabarani, ana maneno gani ya kutumia?

Ili kulijibu swali hilo, inafaa kwanza kuitazama pikipiki ambayo kosa dogo la usukani haliwezi kujificha ndani yake. Pikipiki hiyo ni ile iliyoundwa kwa mashindano ya kasi juu ya nchi kavu.

Kasi ni mfichuzi wa makosa

Mashindano ya aina hii hayana kona wala msongamano. Mwendeshaji hukimbia peke yake kwa mstari ulionyooka. Kasi yake hupimwa katika maili moja au kilomita moja, baada ya kupewa nafasi ndefu ya kuongeza mwendo. Ili rekodi ya dunia itambuliwe, hana budi kwenda na kurudi katika muda usiozidi saa mbili, kisha wastani wa safari hizo mbili huchukuliwa. Uwanja maarufu zaidi ni tambarare ya chumvi ya Bonneville katika jimbo la Utah, Marekani. Ni huko ambako Rocky Robinson, mnamo Septemba 25, 2010, alifikisha wastani wa kilomita 605.697 kwa saa akiendesha chombo kiitwacho Top 1 Ack Attack.

Hata hivyo, mfano ulio karibu zaidi na fundi wa jua kali ni ule wa Burt Munro, mzaliwa wa Invercargill, New Zealand (1899–1978). Munro hakuwa na kampuni nyuma yake. Alikuwa na kibanda, vifaa vichache, na pikipiki ya Indian Scout iliyotengenezwa mwaka 1920. Aliyeyusha metali na kujitengenezea pistoni mwenyewe, na kwa miongo kadhaa aliendelea kuibadilisha pikipiki ile ile. Mwaka 1967, akiwa na umri wa miaka 68, aliweka rekodi ya daraja la pikipiki zisizozidi sentimita za ujazo 1000 kwa kasi ya takribani kilomita 295 kwa saa. Miaka mingi baadaye mwanawe aligundua kwamba hesabu ya wastani ilikuwa na kosa, na mwaka 2014 rekodi ikasahihishwa kuwa maili 184.087 kwa saa, yaani kilomita 296 na ushei.

Mwaka huo huo wa 1967 Munro alikumbana na hatari anayoiogopa kila mwendeshaji wa kasi. Akiwa katikati ya safari, usukani ulianza kutikisika. Aliinuka ili upepo umpunguzie mwendo, upepo ukamvua miwani, akawa haoni kitu. Ilimbidi ailaze pikipiki juu ya chumvi. Alinusurika, lakini tukio hilo linaonyesha kwamba nguvu ya injini bila utulivu wa usukani ni balaa.

Ikumbukwe kuwa mwendo wa kilomita 300 kwa saa ni sawa na mita 83 kwa sekunde. Mtikisiko wa usukani huweza kujirudia mara sita hadi kumi kwa sekunde. Ukijirudia mara nane, gurudumu la mbele huwa limekwenda upande huu na upande ule mara moja katika kila mita kumi. Mkono wa binadamu hauwezi kujibu kwa upesi huo. Unapojibu, mara nyingi huwa umechelewa na huuzidisha mtikisiko badala ya kuutuliza. Kwa hiyo utulivu hautafutwi kwa mkono wa mwendeshaji wakati wa mbio. Hutafutwa kabla, juu ya meza ya msanifu na kwenye mashine ya fundi.

Vipimo vitatu visivyoshikika

Usukani wa pikipiki una viungo ambavyo kila fundi anavijua. Kuna shingo ya fremu, ambayo ni bomba lililo mbele ya tangi. Ndani ya shingo hupita mhimili wa usukani, unaozunguka juu ya vikombe, koni na gololi. Mhimili huo umeungana na vibano viwili, cha juu na cha chini, na vibano hivyo hushikilia miguu miwili ya uma. Mwishoni mwa uma kuna ekseli na gurudumu. Vitu hivi vyote huonekana, hushikika, na huuzwa dukani.

Tabia ya usukani, hata hivyo, huamuliwa kwa kiasi kikubwa na vipimo vitatu ambavyo haviuzwi katika duka lolote. Makala haya yanapendekeza viitwe mwinamo, msogeo na mfuato.

Mwinamo ni pembe iliyopo kati ya mhimili wa usukani na mstari wa wima. Shingo ya pikipiki haikusimama wima. Imelala kidogo kuelekea nyuma. Katika pikipiki nyingi za barabarani pembe hiyo huwa kati ya digrii 24 na 28.

Msogeo ni umbali kati ya mhimili wa usukani na mstari upitao katikati ya miguu ya uma. Ukiutazama usukani kutoka juu, utaona kwamba miguu ya uma imewekwa mbele kidogo ya mhimili. Umbali huo umo ndani ya vibano vyenyewe.

Mfuato ni kipimo kinachotokana na hivyo viwili pamoja na ukubwa wa gurudumu. Fikiria kwamba mhimili wa usukani umerefushwa hadi kufika chini. Mstari huo utaigusa ardhi mbele ya mahali ambapo tairi linaigusa. Umbali kati ya nukta hizo mbili ndio mfuato. Umeitwa hivyo kwa kuwa tairi huufuata mhimili wake.

Jambo hili si geni kwa aliyewahi kumsukuma mgonjwa juu ya kitanda cha hospitali. Vigurudumu vya kitanda hicho, hata kama vilikuwa vimetazama upande mwingine, hugeuka vyenyewe mara kitanda kinapoanza kwenda, vikafuata nyuma ya vyuma vinavyovishikilia. Gurudumu la mbele la pikipiki hufanya vivyo hivyo. Likipotoshwa na jiwe au upepo, mfuato hulirudisha kwenye njia yake.

Haifai kudai kwamba mfuato ndio siri yote ya utulivu. Mwanasayansi Mwingereza David Jones alieleza mwaka 1970 jinsi alivyounda baiskeli kadhaa kwa nia ya kupata isiyoendesheka, na akatilia mkazo umuhimu wa mfuato. Mwaka 2011 watafiti wa Uholanzi na Marekani walionyesha kwamba baiskeli ya majaribio inaweza kujisawazisha hata bila mfuato, mradi uzito umegawanywa kwa namna maalumu. Mgawanyo wa uzito, ugumu wa fremu, hali ya tairi na upepo vyote vina sehemu yake. Hata hivyo, kwa fundi aliye na pikipiki ya kawaida mkononi, mfuato ndio kipimo anachoweza kukibadilisha kwa urahisi zaidi, na pia kukiharibu bila kujua.

Tendo moja kwa jina, mawili kwa matokeo

Hesabu ya mfuato ni fupi. Zidisha nusu kipenyo cha gurudumu kwa sine ya pembe ya mwinamo, toa msogeo, kisha gawa jibu kwa kosine ya pembe hiyo hiyo. Tuchukue gurudumu lenye nusu kipenyo cha milimita 300, mwinamo wa digrii 26 na msogeo wa milimita 35. Mfuato utakuwa takribani milimita 107.

Sasa tuchukulie kwamba mteja analalamika kuwa usukani wake ni mwepesi mno, na fundi anaamua kulisogeza gurudumu mbele ili pikipiki itulie. Anaweza kufanya hivyo kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuilaza shingo zaidi. Mwinamo ukifika digrii 30 bila kubadilisha msogeo, mfuato huongezeka hadi takribani milimita 133. Njia ya pili ni kutengeneza vibano vipya vinavyoipeleka miguu ya uma mbele. Msogeo ukifika milimita 60 na mwinamo ukibaki digrii 26, mfuato hupungua hadi takribani milimita 80.

Katika njia zote mbili gurudumu limesogezwa mbele. Fundi akiulizwa alichofanya, atajibu kwa maneno yale yale. Lakini usukani wa kwanza umekuwa mzito na wenye kushika njia, ilhali wa pili umekuwa mwepesi na wenye kuyumba kuliko hapo awali. Lugha inayotumia jina moja kwa matendo mawili yenye matokeo yanayopingana haiwezi kumsaidia mwanafunzi kutofautisha kosa na tiba. Hapa ndipo suala la istilahi linapoacha kuwa la kamusi pekee na kuingia barabarani.

Kutoka mchoro hadi chuma

Msanifu wa pikipiki ya kasi huanza kwa kuamua mfuato anaoutaka, kisha hurudi nyuma hadi kwenye msogeo utakaouleta. Kwa kawaida huchagua mfuato mkubwa kuliko wa pikipiki ya barabarani, kwa kuwa hana kona za kukata. Bei ya uamuzi huo ni usukani mzito katika mwendo mdogo, jambo ambalo mwendeshaji wa bodaboda sokoni hangelivumilia.

Baada ya mchoro huja kazi ya mashine. Vibano huchongwa kutoka katika bamba nene la aloi ya alumini. Kila kibano hutobolewa matundu matatu, moja la mhimili na mawili ya miguu ya uma. Fundi mwangalifu huyabana mabamba mawili pamoja na kuyatoboa kwa mkupuo mmoja, ili matundu ya juu na ya chini yalingane. Sababu yake inaonekana katika hesabu. Ikiwa vibano vimeachana kwa milimita 200, na tundu moja limekosewa kwa nusu milimita tu, basi milimita 600 chini ya kibano cha chini, penye ekseli, kosa hilo litakuwa limeongezeka kwa milimita moja na nusu. Mguu mmoja wa uma hautakuwa sambamba na mwenziwe, na gurudumu litavuta upande.

Matundu ya uma hupasuliwa ubavuni na kufungwa kwa boliti ili yaubane uma bila kuukwaruza. Pembe za ndani za kibano huachwa na mviringo, kwa maana kona kali ndiyo huanzisha ufa. Mhimili hukerezwa kutoka kwenye chuma cha pua kigumu, na sehemu zinazokaliwa na koni hupimwa kwa maikromita hadi sehemu ya mia ya milimita. Koni ikilegea, usukani hucheza. Ikikazwa kupita kiasi, usukani hukwama na mwendeshaji hulazimika kurekebisha njia yake kila mara. Mwishowe huwekwa vikomo vya kuzuia usukani usigeuke kupita kiasi, pamoja na kitulizo, yaani kifaa chenye mafuta ndani kinachopunguza nguvu ya mtikisiko. Kitulizo hakiponyi kosa la vipimo. Huficha tu dalili zake mpaka mwendo uzidi uwezo wake.

Huenda msomaji akadhani kwamba usahihi wa namna hii ni wa mbali na nchi ya chai. Sivyo. Chai nyingi ya Kericho na Bomet hupitishwa kati ya rola za chuma zenye meno, zinazoponda, kurarua na kuviringisha majani. Rola hizo huwekwa karibu sana bila kugusana, na meno yake yakififia hukerezwa na kuchongwa upya kwa mashine. Majani yaliyochumwa kwa mkono asubuhi hutegemea kazi ya mkerezaji kabla hayajawa chai ya kikombe.

Kenya kwa jumla nayo ina historia yake katika uwanja huu. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kibuni gari la Kenya. Magari matano ya Nyayo Pioneer yalizinduliwa Kasarani mwaka 1990, na yalisemekana kufikia kilomita 120 kwa saa. Gari hilo halikuingia sokoni. Kilichobaki ni karakana ya kukereza na kuchonga vipuri, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Numerical Machining Complex. Magari yalipita, ufundi wa vipuri ukasalia.

Lugha ya karakana

Kiswahili hakikuanza jana kuzungumza na chuma. Maneno kereza, jiriwa, keekee, tupa, kibano na pua ni ya zamani, na mengi yake yaliwahudumia waseremala na wahunzi kabla ya pikipiki kufika. Wataalamu nao hawakulala. Mwaka 1987, kwa mfano, kamusi ya kiufundi ya Kiingereza na Kiswahili iliyotayarishwa na Rajmund Ohly ilichapishwa Dar es Salaam.

Katika karakana, maneno hayo hukutana na mikopo kama vile beringi, ekseli, boliti, spana na grisi. Mikopo hiyo imekwisha kupata uraia na haina haja ya kufukuzwa. Pia kuna vitenzi vyenye uhai mwingi: usukani unacheza, unavuta, unakwama, unayumba. Vitenzi hivi hueleza dalili kwa ufasaha. Pengo liko kati ya jina la kitu na jina la dalili. Fundi anaweza kusema uma, na anaweza kusema unayumba, lakini hana neno la sababu inayounganisha viwili hivyo.

Istilahi zilizopendekezwa zinatokana na vitenzi vya kawaida kwa kanuni moja: inama huzaa mwinamo, sogea huzaa msogeo, fuata huzaa mfuato. Zote huingia katika ngeli ya M-MI, na hivyo wingi wake hauna utata. Kanuni hiyo hiyo inaweza kutofautisha misukosuko miwili ambayo mara nyingi huchanganywa. Kutetemeka kwa kasi kwa usukani peke yake kuitwe mtikisiko. Kule kuyumba kwa pole kwa pikipiki nzima kutoka upande mmoja hadi mwingine kuitwe mpepesuko. Maneno hayo yanaeleweka hata kwa asiyewahi kuyasikia yakitumiwa kwa maana hii, na hiyo ni sifa mojawapo ya istilahi bora.

Faida yake kwa Longisa ni dhahiri. Magunia yakifungwa nyuma kabisa ya kiti, sehemu ya nyuma hudidimia na ya mbele huinuka. Mwinamo huongezeka, uzito juu ya gurudumu la mbele hupungua, na mshiko wake barabarani hudhoofika. Uma ulionyoshwa kwa nyundo unaweza kuonekana sawa kwa macho ilhali miguu yake haiko sambamba. Mwendeshaji huyahisi mambo haya kupitia mikononi mwake. Akiwa na maneno, anaweza kumweleza fundi. Na fundi akiwa na maneno, anaweza kuchukua uzi, timazi na rula, akapima kabla ya kuchukua nyundo.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba usukani wa pikipiki ya kasi ni kazi ya vipimo kabla ya kuwa kazi ya chuma. Yameonyesha pia kwamba vipimo hivyo, yaani mwinamo, msogeo na mfuato, vinahusu bodaboda ya kilomita 40 kwa saa kama vinavyohusu chombo cha Bonneville, ingawa kasi ndogo huchelewesha kufichuka kwa kosa. Munro alifika Bonneville akiwa na chombo kilichotoka kibandani, na kibanda cha Longisa hakikosi akili wala mikono.

Wajibu wa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili ni kuzitembelea karakana, kuyasikiliza maneno yaliyopo, na kujaza mapengo pale yalipo, kisha kuyarudisha maneno hayo kwa mafundi wenyewe wayapime kazini. Istilahi itakayobaki katika kurasa za jarida haitakuwa imemfaa abiria anayepanda bodaboda jioni, mvua ikinyesha, kutoka Mulot kwenda Longisa.